Kabla ya dripu ya kwanza: mwongozo kamili wa kulinda uzazi kwa kijana mwenye saratani, hata kama hela ni ya kuungaunga

Kama wewe ni kijana, au una mtoto au mdogo wako ambaye ameshaambiwa ni saratani lakini kemo (dawa za kuua saratani) bado haijaanza, soma hii leo leo, usiiweke kiporo. Kuna swali moja linatakiwa liulizwe kabla ya dripu ya kwanza: haya matibabu yatafanya nini kwenye uwezo wangu wa kuzaa, na kuna nini tunaweza kukiokoa kabla hatujaanza?

Mwenye bima kubwa huwa anaulizwa. Mtoto wa daktari anaulizwa. Mwanamke aliyeolewa anaulizwa mara moja moja. Ila binti wa miaka 19 aliyekuja Dar na rufaa yake kutoka mkoani, hajaolewa, amelala kwa shangazi Mbagala, huyo anaambiwa "kwanza upone, mengine baadae". Halafu anapona kweli, Mungu mkubwa, anafika miaka 26 anataka kuolewa ndio anagundua kuna kitu kilipita na hakuna aliyemwambia. Hiyo ndiyo inaniuma mimi, mana kuambiwa haina gharama yoyote. Chama cha madaktari wa saratani Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo tangu 2006 kwamba mgonjwa aliye kwenye umri wa kuzaa aelezwe hatari hii mapema na apelekwe kwa wataalam wa uzazi kama anataka, na wameurudia mara kadhaa tangu hapo. Haukusema aliyeolewa tu wala mwenye hela tu.

Naandika zaidi nikiwa nawaza wagonjwa wa Tanzania, wanaotibiwa Ocean Road, Muhimbili, Bugando, KCMC, lakini wenzetu wa Kenya na Uganda karibu yote yanawahusu.

HATUA YA 1: Jua unapewa nini

Kemo sio zote zinafanana. Zinazoumiza uzazi zaidi ni kundi la siklofosfamaidi, ifosfamaidi, busulfani, melfalani na prokabazini. Siklofosfamaidi utaikuta kwenye matibabu ya saratani ya matiti na pia kwenye limfoma ya Burkitt, ile saratani ya tezi za limfu ya watoto ambayo Dokta Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda 1958 na mpaka leo inawapata sana watoto wa ukanda wetu. Sisplatini iko katikati. Mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa ABVD, wa ugonjwa wa Hodgkin (nao ni saratani ya tezi za limfu), kwa kawaida ni mwepesi zaidi kwenye uzazi. Dozi jumla ina maana, na umri una maana kubwa kwa wanawake: dawa ileile, dozi ileile, mwenye miaka 22 anaweza kurudi kuona siku zake na kuzaa wakati mwenye 38 akaingia moja kwa moja ukomo wa hedhi.

Mionzi nayo inategemea imelenga wapi. Ikipigwa kifuani sio sawa na ikipigwa nyonga. Kwenye ovari, yaani pale mayai ya mwanamke yanapokaa, grei 2 tu (grei ni kipimo cha mionzi) zinaweza kuua karibu nusu ya mayai machanga, na mionzi ya nje ya mlango wa kizazi huwa inafika grei 45 hadi 50, bado ile ya ndani. Na hapa niseme wazi kwa sababu watu wanafichwa: mionzi ya nyonga ya kiasi hicho inaharibu na mfuko wa uzazi wenyewe, kwa hiyo hata ukiwa na mayai yamehifadhiwa vizuri, kubeba mimba mwenyewe baadae kwa kawaida haitawezekana. Mtu anatakiwa alijue hilo kabla hajalipa hela ya kugandisha mayai.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, omba majina ya dawa na mpango wa mionzi, yaandike kwenye daftari au piga picha ya faili. Ni haki yako kujua unachowekewa mwilini.

HATUA YA 2: Uliza, tena kwa maneno haya

Kliniki ina foleni, dokta ana wagonjwa wengi nje, ukiingia ukaanza kuzunguka dakika zinaisha. Andika kwenye karatasi usome kama ilivyo, hakuna aibu:

"Dokta, kabla sijaanza naomba kujua mambo manne. Hizi dawa zinaweza kuharibu uzazi wangu kiasi gani? Nina siku ngapi naweza kusubiri bila kuhatarisha matibabu? Kuna dawa au mpangilio mwingine unaotibu vilevile ila unaumiza uzazi kidogo? Naomba na rufaa ya kwenda kwa daktari wa uzazi leo hii."

Hilo swali la siku ndilo la muhimu kuliko yote. Saratani ya matiti mara nyingi ina nafasi ya wiki kadhaa kati ya upasuaji na kemo. Hodgkin mara nyingi wiki moja mbili zinapatikana. Leukemia kali, saratani ya damu, huwa hakuna muda kabisa, dawa inaanza ndani ya siku chache na hapo kwa mwanamke njia zinabaki chache sana, ila kijana wa kiume bado anaweza kutoa mbegu siku hiyohiyo. Dokta akikupa tarehe, hiyo tarehe iheshimu. Usichelewesha kemo kwa sababu michango haijatimia, uhai ndio wa kwanza.

Ukiambiwa "wewe bado mdogo" au "hujaolewa", jibu kwa adabu: naelewa dokta, ila naomba uandike kwenye faili kwamba nimeuliza kuhusu uzazi na nimejibiwa hivyo. Mara nyingi kalamu ikishafika kwenye karatasi maongezi yanabadilika. Kama bado, nenda kwa muuguzi kiongozi wa kliniki, au omba suala lako lipelekwe kwenye kikao cha madaktari wanaojadili wagonjwa. Walioko Kenya mna nguvu ya ziada, katiba yenu ya 2010 kifungu cha 43 inataja haki ya afya ya kiwango cha juu kabisa kinachoweza kufikiwa na inataja huduma ya afya ya uzazi humo humo ndani. Itajeni.

Na wazazi, tafadhali. Kijana wa miaka 15 au 17 aulizwe yeye pia, tena mpeni dakika chache na dokta nyie mkiwa nje. Kuna maswali mtoto wa kiume hawezi kuyajibu baba yake akiwa amekaa pembeni.

HATUA YA 3: Wa kiume, hii ni rahisi na ni ya haraka

Kwa wanaume kugandisha mbegu ndio njia iliyothibitishwa zaidi, imeanza muda mrefu, mimba ya kwanza ya mbegu zilizogandishwa ilipatikana Marekani 1953. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mayai ya mwanamke, na inaweza kuisha ndani ya siku moja mbili. Kwa hiyo mvulana kuanza kemo bila kuambiwa habari hii mimi naona ni uzembe, sina neno lingine.

Inavyofanyika: unatakiwa uwe umekaa siku mbili tatu bila kutoa mbegu, ila kama muda hakuna usisubiri, toa tu. Unapewa kikopo safi chenye mfuniko, kimeandikwa jina lako na namba ya faili. Unatoa kwa mkono, bila mate, bila sabuni, bila mafuta, wala usitumie kondomu ya kawaida mana nyingine zina dawa zinazoua mbegu. Zipo kondomu maalum za kazi hii, ulizia kama unamhitaji mwenzi wako akusaidie. Kama umetolea nyumbani au hotelini, kikopo kiwe maabara ndani ya saa moja, kikae kwapani au ndani ya shati karibu na ngozi kiwe na joto la mwili, usikiweke kwenye barafu wala kwenye dashibodi ya gari juani. Mwambie fundi maabara saa uliyotoa na kama kuna tone lililomwagika, lile la kwanza hasa mana ndio lenye mbegu nyingi.

Wagonjwa wengi mbegu zao zinakuwa chache kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, homa, mwili kukonda. Usikate tamaa na usikubali kuambiwa "hazitoshi". Tangu 1992 kuna njia ya kuchukua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai moja, kwa hiyo hata chache zina thamani. Toeni mara mbili au tatu mkiweza, hata kwa kupishanisha siku moja. Lakini iwe kabla ya kemo, mana baada ya dozi ya kwanza mbegu zinaweza kuwa na hitilafu kwenye vinasaba. Kama kutoa kunashindikana kabisa, kuna upasuaji mdogo wa kuchukua mbegu kwenye korodani, uliza.

Anayetoka mkoani ajue sampuli haisafiri kwa basi. Ni wewe unatakiwa uende palipo na tenki la kugandishia. Kama una rufaa ya kuja Dar, piga simu kabla hujapanda gari ili siku ya kwanza ya kliniki na siku ya kutoa mbegu ziwe wiki hiyohiyo.

HATUA YA 4: Wa kike

Kugandisha mayai: unachomwa sindano za homoni kila siku, ni sindano ndogo chini ya ngozi ya tumbo, kwa siku kama 10 hadi 14, huku unapigwa ultrasaundi kila baada ya siku chache kuona mayai yanakua vipi. Zamani ilikuwa lazima wasubiri hedhi, sasa hivi wanaanza siku yoyote ya mzunguko, na hii ndio imeokoa wagonjwa wengi wa saratani. Mwisho unachomwa sindano ya kukomaza, masaa kama 36 baadae unalazwa usingizi mwepesi na mayai yanavutwa kwa sindano nyembamba kupitia ukeni. Siku hiyohiyo unarudi nyumbani. Kwa msichana wa chini ya miaka 35, mayai 15 hadi 20 yaliyokomaa yanampa nafasi nzuri. Nafasi nzuri, sio uhakika, na anayekuuzia uhakika mkimbie.

Kama saratani yako ya matiti ni ile inayolishwa na homoni, ulizia dawa ya letrozoli iongezwe kwenye hizo sindano ili kiwango cha estrojeni kisipande sana. Ulizia na kinga ya damu kuganda, mana saratani na homoni vyote vinaongeza hatari hiyo.

Dada ambaye hajawahi kukutana na mwanaume, hili watu wanaona haya kulisema kwa hiyo nalisema mimi. Ultrasaundi inaweza kupigwa kwa juu ya tumbo, ila kuvuta mayai kwa kawaida kunapita ukeni na bikira inaweza kuguswa. Kwa baadhi ya wagonjwa inawezekana kupitia tumboni. Uulize mapema, mama yako awepo kama unataka, na uamuzi ubaki kuwa wako.

Yai au kiinitete? Kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kinahitaji mbegu ya mwanaume tangu mwanzo, na kikishatengenezwa ni chenu wawili, mkiachana ni mtihani. Kwa binti ambaye hajaolewa yai peke yake ni salama zaidi, na tangu 2012 wataalam wa uzazi Marekani waliacha kuihesabu kugandisha mayai kama jambo la majaribio. Kwa Waislamu pia yai linabaki la mwenyewe mpaka ndoa, kwa hiyo shehe wengi ni rahisi zaidi kulizungumza hilo kuliko kiinitete bila ndoa. Kanisa Katoliki linapinga mimba ya maabara, kwa hiyo mkatoliki usitegemee hospitali ya kanisa ikufanyie, na ongea na padri wako mapema kama jambo linakusumbua moyo. Ila kiongozi wa dini aelezwe kwanza kwamba hapa tunazungumzia mgonjwa ambaye dawa inakwenda kumharibia, asije akajibu swali ambalo hujamuuliza.

HATUA YA 5: Zile ambazo hazihitaji tenki

Hapa ndipo ninapotaka mtu asiye na mamilioni akae kidogo, kwa sababu watu wanadhani bila kugandisha mayai hakuna kitu.

Kusogeza ovari. Kama unakwenda kupigwa mionzi ya nyonga, daktari wa upasuaji wa wanawake anaweza kuzitoa ovari kwenye njia ya mionzi akazishikiza juu pembeni. Sio teknolojia ya ajabu, hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji wa kina mama inaweza. Haikukingi na kemo, na mfuko wa uzazi unabaki palepale kwenye mionzi, lakini inaweza kuokoa homoni zako zisikatike ghafla ukiwa na miaka 28, na hilo peke yake ni kubwa kwa mifupa na moyo wako.

Kukinga korodani kwa ngao ya madini ya risasi wakati wa mionzi, kama mionzi hailengi hapo. Mwambie mtaalam wa mionzi siku ya kupimwa na kuchorwa alama, sio siku ya tatu ya matibabu.

Goserelini. Ni sindano ya miligramu 3.6 chini ya ngozi ya tumbo kila wiki nne, inazilaza ovari wakati kemo inaendelea. Ianze angalau wiki moja kabla ya kemo. Ushahidi mzuri uko kwenye saratani ya matiti, utafiti mkubwa ulitoka 2015. Haichukui nafasi ya kugandisha mayai, ila ni dawa ambayo tayari inatumika kwa saratani ya tezi dume na ya matiti kwa hiyo madaktari wetu wanaijua. Uliza bei kwenye maduka ya dawa zaidi ya moja, zinatofautiana.

Na upasuaji unaoacha kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa mapema kabisa, uvimbe chini ya sentimita 2, kuna wanawake wanaweza kukatwa sehemu ya mlango tu mfuko ukabaki. Uvimbe wa ovari upande mmoja, wakati mwingine inatolewa moja tu. Swali hili uliulize kabla hujasaini fomu ya upasuaji.

Watoto wadogo ambao hawajabalehe, hapa pagumu. Kwa mtoto wa kike njia iliyopo ni kugandisha kipande cha ovari, mtoto wa kwanza duniani kwa njia hiyo alizaliwa Ubelgiji 2004 na mama yake alikuwa ametibiwa Hodgkin, ila kwetu huku ni huduma adimu, na kwa leukemia kuna hofu ya kurudisha seli za saratani mwilini. Kwa mtoto wa kiume bado ni utafiti. Pamoja na hayo mzazi aambiwe, na kinga ya mionzi na kusogeza ovari bado vinawezekana.

HATUA YA 6: Simu kwanza, nauli baadae

Kliniki za uzazi za binafsi zipo Dar na Arusha, Nairobi na Mombasa, Kampala. Kabla ya kutoka nyumbani piga uulize: mnagandisha mbegu au mayai ya mgonjwa wa saratani, sio kufanya mimba tu? Mnaweza kunianza wiki hii? Bei yote ni shilingi ngapi, pamoja na dawa, usingizi, vipimo na uhifadhi wa kila mwaka? Kuna kliniki watakutajia bei ya kuvuta mayai tu, dawa zinakuja kukushtua dirishani.

Watakupima VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Ukiwa na VVU usikubali kufukuzwa kwa sababu hiyo, sampuli inaweza kuwekwa kwenye tenki lake peke yake.

Uliza na habari ya tenki. Mbegu na mayai vinakaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na tenki halitegemei umeme wa TANESCO, linategemea mtu wa kuongeza naitrojeni kabla haijakauka. Kwa hiyo muulize: nani anaongeza, mara ngapi, kuna kengele ikipungua, na kliniki ikifungwa vitu vyangu vinakwenda wapi? Kwenye fomu hakikisha imeandikwa nini kifanyike ukifariki au ukishindwa kulipa mwaka mmoja. Weka namba mbili za simu, yako na ya ndugu ambaye habadilishi laini kila mwezi.

HATUA YA 7: Hela

Usipange bajeti ukitegemea bima italipia. Uliza bima yako, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, na jibu uombe kwa maandishi, hata la kukataa, mana barua za kukataliwa zikiwa nyingi ndizo zinazopelekwa mezani siku ya kubadilisha sera. Sio ndoto: Ufaransa bima ya taifa inalipia kwa wagonjwa wa saratani, na majimbo ya Connecticut na Rhode Island huko Marekani yalipitisha sheria 2017 kuzilazimisha bima za binafsi zilipie. Matibabu ndiyo yanaharibu uzazi, kwa hiyo kuulinda ni sehemu ya matibabu, sio starehe.

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukiwa na barua. Iwe fupi: jina, namba ya faili, ugonjwa, tarehe kemo inaanza, gharama iliyotajwa na kliniki, na unachoomba, mfano msamaha wa vipimo vya damu na ultrasaundi vifanyike hapohapo hospitali badala ya kliniki ya binafsi. Vipimo vikitoka kwenye bili, hela inayobaki kulipwa inapungua kweli. Kliniki nayo muombe punguzo la mgonjwa wa saratani, muombe mwenye mamlaka ya kupunguza, sio dada wa mapokezi.

Kwenye mchango wa familia sio lazima kikundi chote cha WhatsApp kijue ni cha nini. "Matibabu kabla ya kemo" inatosha.

HATUA YA 8: Wakati wa matibabu na baada yake

Tumia uzazi wa mpango kipindi chote cha kemo, wanaume na wanawake. Hedhi kukatika haimaanishi huwezi kushika mimba, na hedhi kurudi haimaanishi uzazi umerudi wote. Wanaume wengi wanaambiwa wasubiri miezi 6 hadi 12 baada ya kemo ndio watafute mtoto.

Dada mwenye saratani ya matiti anayemeza dawa za kuzuia homoni miaka 5 au 10, utafiti wa POSITIVE uliotoka 2023 ulionyesha kwamba waliomeza kwa miezi 18 hadi 30 kisha wakapumzika mpaka miaka miwili kutafuta mimba, hawakuonyesha kurudiwa na ugonjwa zaidi kwa muda waliofuatiliwa. Kwa hiyo mazungumzo hayo yapo, yaanzishe na daktari wako wala usiache dawa kimya kimya.

Na wewe uliyemaliza kemo bila kuulizwa kitu: mwanaume, pima mbegu mwaka mmoja baada ya kemo, zikikosekana rudia tena mwaka unaofuata, zinaweza kuchelewa kurudi. Mwanamke, pima AMH (kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya mayai) na ultrasaundi ya kuhesabu vifuko vya mayai, na kama yapo lakini ni machache ulizia kugandisha sasa hivi, usisubiri mchumba, mana ovari iliyopita kwenye kemo inazeeka haraka. Nenda na orodha ya dawa ulizopewa na dozi zake. Kama faili lako halionekani, anzia masijala ya hospitali na namba ya usajili, na wakikupa nakala toa kopi mbili, moja ibaki nyumbani.